Kitambaa cha Mama Joy

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, simu zenu ziwekeni mezani kwanza. Mezani, si chini ya mto. Juzi mmoja wenu alilala na simu ikichaji chini ya mto wake, na asubuhi nikasikia ile harufu ya plastiki iliyopata moto, harufu tamu-tamu inayokwama kooni, nikatoka chumbani bila kilemba nikipiga kelele. Mlinicheka. Mkasema Shosho, bibi yenu, anaogopa chaja. Mimi siogopi chaja. Ile harufu naijua, na sikuwa nimeisikia tena tangu Joy alipokuwa mtoto wa kung'oka meno. Wengine wenu leo mnamwita Joy mama, na mnafikiri alizaliwa akiwa mtu mzima wa kuwauliza homework. Basi nitawaambia alikuwa mtoto wa namna gani.

Nilisoma mpaka darasa la tatu, kwa hivyo msitafute maneno makubwa hapa.

Tulikaa Bondeni, hapa Nakuru, kwa zile nyumba za zamani za kaunsili. Baba yake Joy, mwanangu Daudi, alipiga picha na video za harusi, na studio yake ilikuwa ni kona ya sebule yetu: meza moja, kiti kimoja, na kompyuta iliyonguruma kutwa kucha kama posho mill, kinu cha unga, ikiwa mbali. Mkewe alikuwa mtu wa kushona vitambaa. Mnazijua nyumba zetu za wakati ule. Kochi lina kitambaa, stuli ina kitambaa, redio ina kitambaa, hata termosi ya chai ilikuwa na sketi yake. Kitu kisichofunikwa kilikuwa kama mtu aliyetoka nje na nguo ya ndani. Kitambaa cha mwisho alichoshona Mama Joy kilikuwa cheupe, chenye maua ya bluu pembeni, na upande mmoja hauna maua kwa sababu aliugua kabla hajaumaliza.

Aliugua kifua. Alikwenda hospitali kwa miguu yake na hakurudi. Ulikuwa msimu wa baridi, mwaka ule wa uchaguzi. Kwa matanga wanawake walijaa sebuleni na vikombe vya chai, na kila aliyeingia aliuliza ni nini kilimpata, na kila aliyejibu alijibu lile lile: "Ni baridi tu, mama. Baridi ilimwingia kifuani ikammaliza." Joy alikuwa amekaa chini katikati ya miguu ya watu, anakula mkate. Hakuna aliyeangalia chini.

Baada ya mazishi, albamu ya harusi yao ilianza kutembea. Kwetu albamu ya marehemu haikai kabatini. Inakwenda kwa huyu akae nayo wiki moja akilia, inakwenda kwa yule. Mwisho ikafika Olenguruone, kule juu Mau, kwa binti yangu Tabitha, dada yake Daudi, aliyekuwa ameolewa kule. Na huko ikakutana na mwanzo wa mwaka uliofuata, baada ya kura. Sitaeleza ya mwanzo wa mwaka ule. Walioyaona hawahitaji kuelezwa, na nyinyi ambao hamkuyaona, Mungu awaepushe. Nasema tu kwamba Tabitha alishuka Nakuru na mtoto mgongoni, blanketi moja na sufuria. Nyumba yake ilibaki majivu, na albamu ilikuwa ndani ya nyumba.

Kwa hivyo sura ya Mama Joy ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, na mahali hapo ni ndani ya lile boksi la kompyuta ya Daudi. Kulikuwa na picha, na kulikuwa na video moja fupi ambayo Daudi alimpiga nyumbani wakati anajaribu kamera mpya.

Daudi si mjinga. Ndani ya boksi alikuwa ameweka diski mbili. Chochote alichoweka kwa moja, mashine yenyewe ilikiweka kwa nyingine saa ile ile, sawasawa, kama mtu na sura yake kwa kioo. Moja ikiharibika, unatoa mbovu, unaweka mpya, na ile nzima inaijaza mpya mpaka ziwe mbili tena. Aliponieleza, nilimwambia hajanifunza kitu. Mama yangu mzazi, kule juu Mau, alikuwa na vibuyu viwili vya mbegu ya maharagwe vikining'inia juu ya jiko, vyeusi kwa moshi. Mimi mtoto nilifikiri kimoja ni chetu na kingine ni cha wageni, na nilimwona mama mchoyo, maana siku za njaa tulivitazama tukameza mate. Mpaka panya alipotoboa kimoja. Mama hakulia. Alishusha cha pili, akachukua kibuyu kipya, akapanda, akavuna, akajaza vyote viwili, akavirudisha juu ya moshi. Mpaka leo nikinusa masizi naiona mikono yake.

Basi mji ukatulia kidogo, maduka yakaanza kufunguliwa nusu mlango. Asubuhi moja Daudi akawasha kompyuta, ikalia tii, tii, tii, na maandishi mekundu yakatokea. Akashika kichwa.

"Diski moja imekwenda," akasema.

Joy alikuwa amesimama na kikombe cha uji. "Mama yuko kwa hiyo?"

"Alikuwa kwa zote mbili. Sasa amebaki kwa moja."

Mtoto akatua kikombe mezani, akatoka nje. Nilimfokea kwamba uji haujaisha. Ndiyo hivyo sisi watu wazima. Tunaona uji.

Nilikwenda mjini na Daudi, kwa sababu siku zile mtu hakutembea peke yake. Duka lilikuwa la Mhindi mmoja aliyeitwa Jaswant, Singasinga mwenye ndevu nyeupe, baba yake alizikwa Nakuru hii hii. Aliipokea ile diski mbovu, akaigeuza, akaileta puani.

"Hii imepikwa," akasema. "Daudi, kompyuta yako unaweka wapi? Ndani ya jiko?"

"Sebuleni, boss."

"Sebule ya nani? Ya shetani?" Akanigeukia. "Mama, samahani. Lakini diski na joto hawapatani. Kama mimi na mama mkwe."

"Mama mkwe wako anajua unasema hivyo?" nikamuuliza.

"Anajua. Ndiyo maana anakaa Kisumu."

Kisha akaacha mchezo. Akatoa diski mpya, akamwekea Daudi kidole usoni. "Ile nzima bandika karatasi, andika NZIMA. Ukichanganya, uambie mashine isome hii tupu iandike juu ya ile, umepaka chokaa juu ya picha. Fungua ubavu wa boksi, wekelea feni. Ukianza, usizime. Na sikia: hiyo iliyobaki ina umri sawa na iliyokufa, na imekula joto lile lile. Inaweza kukuangusha katikati. Kwa hivyo kabla ya yote, ile kitu unayoipenda zaidi, itoe kwanza, weka kwa CD."

Tulilipa, tukatoka. Tulipofika karibu na soko akasema, bila kuniangalia, "Mathe, siwezi kuifungua hiyo folda. Tangu tumzike sijaifungua. Acha mashine ijaze yote yenyewe, mimi nisione."

Niliingia sokoni nikanunua minji, zile njegere mbichi, tukarudi nyumbani.

Jumamosi asubuhi alipiga magoti mbele ya boksi kama mtu anayesali. Alibandika karatasi, akafunga skrubu, akaacha ubavu wazi, akaelekeza feni ndogo ya meza kwa lile tumbo lililojaa nyaya. Kwa skrini ikatokea namba, ndogo, inapanda polepole. "Ikifika mia, tumemaliza," akasema. Halafu simu yake ikalia. Ni watu waliokuwa wamehifadhiwa kwa uwanja wa kanisa, vitambulisho vyao vimeungua, wanataka picha za pasipoti ili wapewe vingine. Hiyo si kazi ya kukataa. "Mathe, kaa hapa," akaniambia. "Usiguse kitu. Ikilia nipigie."

Nikakaa na ungo wa minji, nikawa naambua huku naangalia namba. Joy alikaa kizingitini akiangalia feni. Hakuwa anacheza. Nilifikiri amechoka.

Nje, Tabitha alikuwa ameamka na shari. "Blanketi ya mtoto wangu iko wapi? Nimetoka Olenguruone na blanketi moja, moto haukuichukua, nije niibiwe kwa mama yangu?"

"Nani atakuibia kipande kile kilichokojolewa?" nikajibu nikiwa ndani.

"Toka basi unisaidie kutafuta, si kuhubiri kutoka kwa kiti!"

Nikatoka. Tukatafuta kwa kamba ya nguo, tukatafuta kwa karai. Tukagombana kuhusu blanketi, kisha kuhusu chumvi kwa githeri, kisha kuhusu bwana wake ambaye alikuwa bado kambini na waliochomewa nyumba na hakuwa hata ametajwa. Watu waliokaa kwa nyumba ndogo muda mrefu hugombana hivyo. Halafu upepo ukageuka, nikaisikia. Ile harufu. Na nyuma yake, ndani ya nyumba, tii, tii, tii, lakini kwa sauti nzito, kama kifaranga aliyekaliwa.

Niliingia mbio. Kompyuta haionekani. Ubavu ulikuwa umerudishwa, feni imezimwa na imegeuzwa kuangalia ukuta. Boksi lote limefungwa blanketi ya mtoto wa Tabitha, na juu ya blanketi kile kitambaa cheupe cha maua ya bluu, kimechomekwa chini vizuri pande zote, kama unavyomchomekea mtu shuka. Na Joy amelikumbatia, shavu juu ya kitambaa.

"Wee! Toka hapo!"

"Hapana!"

Nikashika blanketi kuivuta. Aliniuma. Joy wenu huyu huyu, anayewafundisha adabu, alining'ata mkono mpaka meno yake machache yakabaki kwa ngozi.

"Baba amemwacha wazi!" alilia. "Amemwacha wazi na akamwekea feni! Baridi itamwingia tena!"

Mkono wangu mwingine ulikuwa tayari juu, nyinyi mnaujua huo mkono. Ukabaki hapo juu.

"Nani amekuambia habari ya baridi?"

"Wamama wote walisema. Baridi ilimwingia kifuani." Akaivuta blanketi karibu zaidi. "Mimi humfunika kila siku mkilala. Halafu namfunua kabla baba aamke. Hakupata baridi hata siku moja, Shosho. Hata siku moja."

Sasa fikirini. Kila jioni Daudi aliiacha ile mashine ikifanya kazi ya harusi mpaka asubuhi, na kila usiku mtoto huyu aliondoka kitandani bila viatu, akaifunika. Jaswant alinusa diski akauliza kama tunaishi ndani ya jiko. Aliyekuwa akiipika ni huyu, kwa kitambaa cha mama yake.

Na tii, tii inaendelea. Ningeweza kumwondoa kwa nguvu. Mtoto wa umri ule ana uzito gani? Lakini niliona kwamba nikimng'oa pale, na ile mashine ikazimika mikononi mwangu, huyu mtoto ataishi akijua mama yake alikufa mara mbili, na mara ya pili ni Shosho aliyemfunua. Kumweleza habari ya diski na joto sikuweza. Hata mimi sikuzijua vizuri. Nikapiga magoti, na magoti yangu hata wakati ule hayakuwa mazuri, nikasema, "Joy. Weka mkono ndani ya blanketi. Mguse."

Akanitazama kama ninamtega. Akaingiza mkono. Akautoa haraka.

"Ana moto," akasema.

"Moto namna gani?"

"Kama mimi nilipokuwa na malaria."

"Na ulipokuwa na malaria, nilikufunika?"

Alifikiri. Mungu, alifikiri muda mrefu, na kile kitu kinalia. "Hapana. Ulinivua sweta. Ukanipangusa na kitambaa cha maji. Nikasema naona baridi, ukakataa kunipa blanketi. Nikakuita mbaya."

"Uliniita mbaya. Na ulipona hukupona?"

"Nilipona."

"Haya. Huyu ana homa. Nani atamfunua, wewe au mimi?"

"Mimi," akasema. Na akamfunua yeye. Kitambaa kwanza, akakikunja mara mbili, akakiweka kwa kochi. Kisha blanketi. Kisha akanionyesha vile ubavu unatoka, maana alikuwa ameona baba yake, na mimi sikujua. Joto lililotoka mle ndani lilinipiga uso kama mvuke wa sufuria. Tukageuza feni. Akataka kupangusa na maji, nikamwambia huyu mgonjwa maji hayapendi, huyu ni wa upepo tu. Basi akachukua ungo wangu, minji ikamwagika kila mahali, akaanza kupepea.

Tabitha alisimama mlangoni na mtoto kiunoni. "Mama, mnauguza kompyuta?"

"Chukua blanketi yako uende."

"Nauliza tu. Nipike uji wake pia?"

"Tabitha!"

Akaangalia Joy, akaangalia kitambaa kwa kochi. Alikijua kile kitambaa. Akamweka mtoto wake chini, akachukua mfuniko wa sufuria, akaja akapepea upande wa pili. Hakusema neno tena, na kwa Tabitha hiyo ni sadaka kubwa.

Kelele ilikoma. Lakini namba kwa skrini ilikuwa imesimama. Haipandi. Nilimpigia Daudi, simu haishiki. Nikaiangalia ile namba nikakumbuka panya, nikakumbuka kibuyu cha pili kikishuka, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza mama yangu alikuwa anafikiri nini siku ile alipokuwa na kibuyu kimoja tu mkononi na mvua bado haijaja. Nilikuwa nimekaa maisha yangu yote nikifikiri hakuogopa.

Halafu Joy akasema, "Shosho, imepanda." Ilikuwa imepanda. Moja tu. Baadaye tena moja.

Daudi alirudi mchana umeelekea jioni, akatukuta wanawake watatu, mmoja wa kung'oka meno, tumezunguka boksi tunapepea na vyombo vya jikoni, na minji imekanyagwa sakafuni. Nilimwambia yote palepale, na Joy akisikia, kwa sababu sipendi mtoto kusemwa mgongoni. Daudi aligeuka akaangalia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani ana hasira, nikajiandaa kumkinga mtoto. Hakuwa na hasira.

Ilifika mia jua likiwa bado kwa dirisha. Mashine ikaandika maneno fulani, Daudi akayasoma, akashusha pumzi. "Ziko mbili tena," akasema. Akataka kuizima ipumzike.

"Baba, nimwone," Joy akasema.

Daudi alishika ile panya ya kompyuta, mkono ukakaa juu yake bila kwenda. Nikaja nikasimama nyuma ya kiti chake. Sikumshika bega, mimi si mtu wa kushikana mabega. Nilisimama tu karibu. Akafungua.

Ni hapo nje, kwa kamba yetu ya nguo, jua la saa sita. Mama Joy anaanika shuka, mikono imeloa mpaka kwenye viwiko, amevaa gauni la mikono mifupi na malapa. Anageuka anaona kamera. "Daudi, zima hiyo kitu. Wee, nitakumwagia maji." Anacheka, anachovya mkono kwa karai, anarusha maji, kamera inayumba, inaonyesha mbingu, inaishia hapo. Ni fupi hivyo.

Tabitha alikuwa analia na mfuniko bado mkononi. Joy alisogea mpaka pua yake karibu iguse kioo.

"Rudia," akasema. Daudi akarudia.

"Shosho," Joy akasema polepole, "hana sweta."

"Hana."

"Na amelowa maji."

"Amelowa."

"Na haoni baridi." Aligeuka kuniangalia, uso mzima umefunguka. "Anacheka. Kumbe huko ndani ni jua."

Nilikwenda nikachukua kitambaa kwa kochi. Nilitaka kukinyoosha tu, nikajikuta nakishika upande ule ambao haukuwahi kupata maua. Niliwaita wote wasimame, hata mtoto wa Tabitha ambaye hakujua kusimama, nikawapa amri, na amri hiyo katika nyumba yangu haijawahi kutenguliwa:

"Tabitha, siku utakayorudi juu utabeba CD ya hii video, ikae kwako. Daudi, kila Jumapili tukitoka kanisani utamfungulia huyu mtoto mama yake kabla sijapakua chakula, uweze usiweze. Kitambaa hiki ni cha kitanda cha Joy, na baridi ikija atajifunika yeye. Na kuanzia leo, mtu akiingia hapa aulize mama yake alikufa na nini, aketi, apewe chai, aelezwe ugonjwa kwa jina lake, na mtoto akiwa chini hapo mwangalie chini. Hiyo mashine iacheni wazi."